Msuluhishi Akishaondoka: Amani ya Arusha Ilivyofika Musaga

Gereza kuu la Bujumbura, ambalo kila Mrundi hulijua kwa jina la Mpimba, limo Musaga, kusini mwa mji. Lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 800, na kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Juni 2000 aliingia humo mzee wa miaka 81 aliyeyajua magereza kuliko msuluhishi mwingine yeyote wa zama zake. Nelson Mandela alikuwa amekaa kifungoni miaka 27. Aliyoyakuta Mpimba hakuyafunika kwa maneno ya kibalozi. Alitoka na kusema waziwazi kwamba pale hapafai kuwekwa binadamu.

Ziara ile haikuwa ya kutoa pole. Serikali ya Meja Pierre Buyoya ilikuwa imewaswaga mamia ya maelfu ya wakulima, karibu wote Wahutu, kutoka vilima vinavyouzunguka mji na kuwarundika kambini, kwa hoja ya kuwatenga na waasi. Mandela alimbana Buyoya mpaka akaahidi kuzivunja kambi hizo. Wajumbe wa mazungumzo ya amani ya Burundi waliokuwa wakivuta miguu Arusha nao walikwisha kuuonja ukali wake mwanzoni mwa mwaka, alipowakemea hadharani kwa kushindwa kuwaongoza watu wao. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha, Rais Bill Clinton wa Marekani akiwa miongoni mwa walioshuhudia.

Musaga haikuiona amani hiyo. Julai 2003, karibu miaka mitatu baada ya sherehe, waasi wa FNL wa Agathon Rwasa waliteremka kutoka vilimani wakaingia mitaa ya kusini, Musaga ikiwemo. Mapigano yalidumu siku kadhaa, watu kwa maelfu wakabeba godoro na watoto kuelekea katikati ya mji, na makombora yakawafuata huko huko. Mtu aliyekuwa akisikiliza redio tangu mwaka 2000 alikuwa na haki ya kuuliza ni amani gani hiyo iliyopigiwa makofi Tanzania.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linahusu kazi ambayo mtu wa tatu anaweza kuifanya katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ile asiyoiweza.

Vita vya Burundi vilizaliwa tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi na Mhutu wa kwanza kukikalia kiti hicho, akiwa hajatimiza hata miezi minne madarakani. Mikoani Watutsi waliuawa kwa kulipiza. Jeshi likajibu kwa kuwaua Wahutu. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa. Musaga ikabaki ya Watutsi, na vijana wa makundi kama Sans Échec ndio waliotawala barabara. Zilipotangazwa siku za kuufanya mji ufe, walifunga njia, na ole wake mpita njia asiye wa kwao. Kanyosha, jirani yake, ikawa ya Wahutu, sawa na Kamenge na Kinama kule kaskazini. Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili ambako mtu alikuwa akiulizwa msikiti wake au timu yake kabla ya kabila lake, ilihimili mchanganyiko hadi Machi 1995. Nayo ikafikiwa. Waliowahi walivuka mpaka kwenda Uvira.

Warundi hawakukosa wasuluhishi wao. Bashingantahe, wazee walioapishwa kusema kweli mbele ya watu, wamekata kesi za mipaka ya mashamba, za ng'ombe na za ndoa tangu enzi za wafalme, na Mkataba wa Arusha wenyewe uliwataja na kutaka heshima yao irudishwe. Lakini mzee wa mlimani hana la kufanya pale bunduki zote za serikali zinapokuwa za upande mmoja. Mhutu mwenye silaha aziweke chini mbele ya nani? Maofisa wa jeshi walikuwa Watutsi, wengi wao wa mkoa wa Bururi, na mwaka 1972 jeshi hilo lilikuwa limewafagia Wahutu waliosoma, kuanzia walimu hadi wanafunzi. Mtutsi wa Musaga naye alikuwa na lake. Bila jeshi lile, nani angemlinda na yaliyowapata wanafunzi Watutsi waliochomwa moto Kibimba mwaka 1993, au ndugu zake wa Rwanda mwaka uliofuata? Kila mmoja alikuwa na sababu ya haki ya kutotangulia kuweka silaha chini.

Barbara Walter, mtaalamu wa siasa wa Marekani asomaye vita kwa hesabu, alilichambua jambo hili mwaka 1997. Aliangalia vita vya kati ya 1940 na 1990 akakuta kwamba asilimia 55 ya vita baina ya nchi na nchi vilimalizwa mezani, ilhali vya wenyewe kwa wenyewe ni asilimia 20 tu. Hakuwalaumu watu kwa chuki wala viongozi kwa uroho. Nchi mbili zikipatana, alieleza, kila moja hurudi nyuma ya mpaka wake na jeshi lake mkononi. Waliopigana ndani ya nchi moja hutakiwa kuvunja majeshi yao na kuishi nyumba moja, tena katika saa ambayo hakuna serikali wanayoiamini wote. Kwa hiyo wanachokikosa zaidi ni mdhamini, mwenye nguvu za kusimama katikati wakati silaha zinakusanywa. Atakayewaita mezani anaweza kupatikana popote.

Tukiwa na hilo kichwani, safari ya Burundi inasomeka vizuri zaidi.

Meza ya Roma na meza ya Arusha

Mwalimu Julius Nyerere aliishika kazi ya usuluhishi mwaka 1996, akaanzia Mwanza. Tarehe 25 Julai Buyoya akampindua Rais Sylvestre Ntibantunganya, na siku sita baadaye viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Mafuta yakapanda bei, magendo yakanona, na walionufaika ni wale wale waliokuwa karibu na wakubwa. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999. Bado naona vilifanya kazi moja: vilimlazimisha Buyoya aende mezani.

Wakati huohuo kulikuwa na meza nyingine, ya siri. Huko Roma, jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, ile ile iliyowapatanisha Frelimo na Renamo wa Msumbiji mwaka 1992, iliwakutanisha watu wa Buyoya na waasi wa CNDD wa Léonard Nyangoma. Machi 1997 walifikia hadi kukubaliana ajenda. Habari zilipotoka hadharani, wenye msimamo mkali mjini Bujumbura wakachachamaa, na mazungumzo yakafia njiani.

Arusha ilifunguliwa Juni 1998, tena kwa kishindo. Mwishowe wahusika walifika 19: serikali, Bunge, na vyama 17, vingine vikiwa na wanachama ambao wangeenea kwenye basi dogo. Wajumbe walilipwa posho kwa siku, na haikumshangaza mtu kwamba vikao vilirefuka. Hoteli za Arusha hazikulalamika. Lakini kasoro kubwa haikuwa posho. Roma ilikuwa na wenye bunduki bila vyama. Arusha ilikuwa na vyama bila wenye bunduki. CNDD ilipasuka mwaka 1998, wapiganaji wengi wakamfuata Jean-Bosco Ndayikengurukiye na kujiita CNDD-FDD. Chama kingine cha waasi, Palipehutu, nacho kilikuwa kimepasuka, jeshi lake la FNL likiwa wakati huo chini ya Cossan Kabura. Nyerere aliendelea kuwatambua viongozi wa awali, Nyangoma na Étienne Karatasi. Aliona kwamba ukimkaribisha mezani kila anayempindua mkubwa wake, kesho utakuwa na makundi ishirini. Hoja hiyo ina uzito hadi leo, waulize wanaosuluhisha mashariki mwa Kongo. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba watu waliokuwa wakirusha makombora Bujumbura hawakuwa na kiti.

Upande wa Buyoya ulimlalamikia Mwalimu kwa jingine: kwamba hana usawa. Tanzania ilikuwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi, Kasulu, Kibondo na Ngara, na serikali ya Bujumbura ilidai waasi wanajificha humo. Ni kweli Tanzania haikuwa mtazamaji. Lakini sioni kwamba msuluhishi asiye na maslahi ndiye bora. Asiye na maslahi Burundi angechoka mwaka wa pili akaenda kusuluhisha kwingine. Tanzania haikuwa na pa kwenda. Vita vikiendelea, kambi za Kigoma zinajaa. Jirani wa namna hiyo ana upendeleo, na ana sababu ya kubaki.

Kazi ya kweli ya Nyerere ilifanyika kwenye kamati, na huko haikuandikwa sana na magazeti. Armando Guebuza wa Msumbiji, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi yake, aliongoza kamati ya chimbuko la mgogoro, wajumbe wakasomeana historia mpaka sauti zikakauka. Nicholas Haysom wa Afrika Kusini alishika demokrasia na utawala bora. Padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, leo Kardinali wa Bologna, alishika amani na usalama, na Georg Lennkh wa Austria ujenzi mpya wa nchi. Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, rasimu nyingi zilikuwa zimeiva. Mandela, aliyepewa kazi hiyo Desemba, alileta kile ambacho Mwalimu hakuwa nacho: haraka, hasira, na simu ambayo ikipigwa Washington inapokelewa.

Hata hivyo siku ya saini ilikuwa na mapengo. Vyama kadhaa vya Kitutsi vilikataa kutia saini pale pale, vikafuata baadaye. CNDD-FDD na FNL hawakuwemo kabisa. Serikali ya mpito iliapishwa tarehe 1 Novemba 2001, Buyoya akipewa miezi 18 na Domitien Ndayizeye wa chama cha FRODEBU miezi 18 iliyobaki. Wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni waliogopa kulala Bujumbura chini ya ulinzi wa jeshi lile lile walilolikimbia. Hapo ndipo mdhamini alipoonekana kwa mara ya kwanza akiwa na buti: mwishoni mwa Oktoba 2001 wanajeshi wa Afrika Kusini walitua Bujumbura kuwalinda wanasiasa hao. Mwaka 2003 wakafuatiwa na kikosi cha Umoja wa Afrika chenye Waafrika Kusini, Waethiopia na Wasumbiji, na Juni 2004 Umoja wa Mataifa ukachukua nafasi kwa kikosi cha ONUB, kilichoruhusiwa kuwa na askari hadi 5,650.

Kiti cha wenye bunduki kilitengenezwa na Jacob Zuma, akiwa Makamu wa Rais wa Afrika Kusini. Kwa makubaliano ya Pretoria ya Oktoba na Novemba 2003, CNDD-FDD, sasa chini ya Pierre Nkurunziza, ilipata asilimia 40 ya nafasi za maofisa wa jeshi, asilimia 35 ya polisi na wizara nne. Hesabu za sokoni, unaweza kusema, na kweli zilikuwa hivyo. Ndizo zilizowatoa wapiganaji porini. FNL iliyoingia Musaga ile Julai ilibaki nje. Agosti 2004 ikakiri kuhusika na mauaji ya zaidi ya wakimbizi 150 wa Kibanyamulenge kule Gatumba. Ilisimamisha mapigano kwa makubaliano ya Dar es Salaam Septemba 2006, na mwaka 2009, chini ya usuluhishi wa Charles Nqakula, ikaandikishwa kuwa chama cha siasa. Kwa Musaga, vita viliisha hapo, miaka tisa baada ya Arusha.

Anayeona hayo ni mengi aitazame Rwanda. Tarehe 4 Agosti 1993, katika mji huo huo wa Arusha na kwa usuluhishi wa Tanzania hiyo hiyo, serikali ya Juvénal Habyarimana na waasi wa RPF walitia saini mkataba ambao kwa maandishi ulikuwa safi: RPF wangepata asilimia 40 ya askari na nusu ya nafasi za uongozi wa jeshi. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichotumwa kuulinda kiliidhinishiwa watu 2,548 na kufungwa mikono. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama lilipiga kura ya kukipunguza kikosi hicho. Wasuluhishi walikuwa hodari. Mdhamini hakuwepo.

Jeshi la nusu kwa nusu

Katika kurasa zote za Arusha, kipengele kilichobadilisha maisha ya Musaga kuliko vyote ni kile cha jeshi: kwa kipindi fulani kabila moja lisizidi nusu ya vyombo vya ulinzi. Katiba ya 2005 ikaongeza Bunge la Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, Watwa watatu wa kuteuliwa, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Seneti ya nusu kwa nusu. Waasi wa jana na askari wa jana walilala bweni moja, wakala ugali mmoja, wakapelekwa pamoja Somalia kulinda amani ya wengine na kulipwa kwa dola. Mshahara wa Mogadishu, naamini, uliwashona pamoja kuliko hotuba zote.

Aprili 2015 Rais Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Musaga ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kusimama. Mkataba wa Arusha ulikuwa umesema hakuna atakayetawala zaidi ya mihula miwili. Vijana waliweka magogo na mawe barabarani, polisi wakarusha mabomu ya machozi, kisha risasi. Na hapo likatokea jambo ambalo mzazi wao wa mwaka 1994 asingeliamini: wanajeshi wakaja kusimama kati ya polisi na waandamanaji, na vijana wakawashangilia. Jeshi lililokuwa upande mmoja wa vita lilikuwa limegeuka mtu wa tatu mtaani. Waandamanaji wenyewe hawakuwa Watutsi peke yao, na Jenerali Godefroid Niyombare, aliyetangaza mapinduzi tarehe 13 Mei huku Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, alikuwa mpiganaji wa zamani wa CNDD-FDD. Mapinduzi yalishindwa ndani ya siku mbili, lakini jeshi halikuvunjika kwa mstari wa kabila.

Kilichoanguka ni kikomo cha mihula. Na hapa tofauti inafundisha. Usawa wa jeshi ulikuwa na watu ndani yake, maelfu ya askari ambao ajira na vyeo vyao vilitegemea kipengele hicho. Kikomo cha mihula hakikuwa na mtu wake. Kilitegemea mahakama, na nyuma ya mahakama kilitegemea wadhamini wa nje. Mei 2015 Mahakama ya Katiba iliruhusu muhula wa tatu baada ya makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, kukimbilia Rwanda akisema majaji wametishwa. Wadhamini je? Ofisi ya kisiasa ya Umoja wa Mataifa Burundi, BNUB, ilikuwa imefungwa tarehe 31 Desemba 2014 kwa ombi la serikali, ikabaki timu ya kuangalia uchaguzi. Miezi minne kabla ya magogo ya Musaga.

Mshenga aliyeposa kwa heshima zote akishakula pilau ya arusi huenda zake, na kesho ndoa ikiwaka moto hupigiwa simu aje kama kwamba hakuna lililotokea. Msuluhishi Said Djinnit wa Umoja wa Mataifa alikataliwa na wapinzani, Abdoulaye Bathily na serikali. Rais Yoweri Museveni wa Uganda alipewa jukumu Julai 2015, naye akiwa anajiandaa kwa uchaguzi wake mwenyewe baada ya miaka 29 madarakani. Sijui nani alitarajia azungumzie ukomo wa mihula kwa sauti ya juu.

Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2015 watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi, kikiwemo chuo cha maofisa ISCAM upande wa Musaga. Baadaye vyombo vya usalama vikaingia nyumba kwa nyumba Musaga na Nyakabiga, na kesho yake maiti za vijana zilikuwa zimelala barabarani. Serikali ilitaja vifo 87. Siku sita baada ya shambulio, Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha askari 5,000, MAPROBU. Bujumbura ikasema kikija kitahesabiwa kuwa mvamizi. Mwishoni mwa Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa na kuliacha jambo hilo lilale. Watu zaidi ya 400,000 walikimbia nchi, wengi wakaingia Nyarugusu na kambi nyingine za Kigoma, mkoa ambako baadhi yao walizaliwa au kulelewa.

Machi 2016 ikafika zamu ya Benjamin Mkapa, aliyekuwa rais wa nchi mwenyeji siku ya saini mwaka 2000. Aliitisha vikao Arusha. Serikali ikaja pale ilipotaka, na Oktoba 2018 haikuja kabisa. Mzee Mkapa hakuwa na vikwazo kama vya 1996, hakuwa na askari kama wa 2001, na viongozi wa kanda waliomtuma hawakuwa tayari kumkosea mwenzao. Alikuwa na busara na ukumbi wa mikutano. Alikabidhi ripoti yake kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mazungumzo hayakurudi.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, Mkapa Julai, Buyoya Desemba, miezi miwili baada ya mahakama ya Burundi kumhukumu kifungo cha maisha bila yeye kuwepo kwa mauaji ya Ndadaye. Mandela alikuwa ametangulia mwaka 2013. Waliokuwa na majina makubwa mezani karibu wote hawapo.

Hesabu zao zilibaki kwenye katiba. Ile mpya iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018 ilirefusha muhula wa rais kuwa miaka saba na kuuacha mgawo wa makabila ulivyo, lakini ikaipa Seneti miaka mitano ya kuutathmini na kuamua uendelee au ufutwe. Mwaka 2023 Seneti ilizindua zoezi hilo. Walioulizwa maoni ni Warundi, kama ilivyopaswa, na waliopewa uamuzi ni maseneta ambao wengi wao walikuwa wa chama tawala. Safari hiyo hakukuwa na msuluhishi chumbani, na hakuna aliyemwomba aje.